Kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari: namna ya kukihudumia nyumbani

Mgonjwa akiingia chumba cha vidonda na kuniambia, "Nesi, hiki wala hakiniumi," moyo hunishtuka. Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu, nyayo zikafa ganzi. Mishipa ya damu nayo husinyaa, damu isifike vizuri vidoleni. Mtu hukanyaga msumari asubuhi akauona jioni anapovua kiatu. Dar es Salaam wako wagonjwa waliotafunwa miguu na panya usingizini. Tunasema panya huuma huku akipuliza. Mguu uliokufa ganzi hana haja ya kuupuliza.

Haya ninayoeleza ni ya kidonda kidogo, cha juu juu, ambacho daktari ameshakiona. Kama hakijaonwa, anzia kituo cha afya, uulizie na chanjo ya pepopunda.

Hatua ya 1: Andaa maji. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, funika, yaache yapoe kabisa. Ya leo usiyatumie kesho.

Hatua ya 2: Fungua. Nawa mikono kwa sabuni. Bandeji ikiwa imegandia, ilowanishe mpaka iachie yenyewe. Ukiivuta unang'oa nyama changa iliyoota jana. Kabla hujaitupa, itazame na uinuse.

Hatua ya 3: Safisha. Mimina yale maji juu ya kidonda, kisha kausha ngozi ya pembeni na katikati ya vidole. Usitie spiriti wala jiki: vinaua vijidudu, vinaua na nyama. Majivu na dawa ya meno pia hapana. Na ule mtindo wa kufungua kapsuli na kunyunyizia unga wake, nakuomba uache. Unga hugandamana ukawa gaga, usaha ukajificha chini yake, na sisi tunapolibandua tunakuta shimo.

Hatua ya 4: Funika. Wengi hushikilia kwamba kidonda kipate upepo. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha, kwa majeraha ya nguruwe, kwamba jeraha lililofunikwa likabaki na unyevu huota ngozi mapema kuliko lililoachwa likauke. Lowanisha gozi safi (kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) kwa maji yale, ikamue, iweke ndani ya kidonda tu, isiguse ngozi ya pembeni iliyo nzima. Juu yake gozi kavu, kisha bandeji isiyobana.

Hatua ya 5: Usikikanyage. Hapa ndipo miguu mingi inapopotea. Unaweza kufunga bandeji vizuri kila siku, lakini kama kidonda kiko unyayoni, kila hatua unakisaga kwa uzito wa mwili mzima. Nilikuwa na mama mmoja muuza vitumbua; miezi miwili tulisafisha na kufunga, kidonda hakisogei. Siku aliyokubali kukaanga akiwa amekaa, na binti yake akachukua kazi ya kuchota maji, ndipo kilipoanza kufunga. Tafuta gongo la kutembelea. Weka kiti bafuni. Watume watoto. Kandambili hazikusaidii, na peku ni marufuku hata ndani ya nyumba.

Sukari yenyewe ipime na dawa usiziruke.

Hatua ya 6: Jua wakati wa kukimbilia hospitali. Harufu mbaya, usaha, kidole kugeuka cheusi, mfupa kuonekana, homa, au sukari kupanda ghafla: nenda siku hiyohiyo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo tumia mgongo wa mkono kulinganisha joto la miguu yote miwili. Ulio na moto zaidi, au uliovimba ukang'aa, una tatizo. Na kama wiki nne zimepita kidonda hakijapungua hata nusu, kirudishe kwa daktari.

Ukifika, vua viatu vyote viwili. Mara nyingi kwenye mguu unaodhaniwa mzima nakuta kidonda cha pili, ambacho mwenyewe hakijui.