Unataka kutuma shairi au hadithi kwa jarida? Soma hii kwanza

Kwanza kabisa soma matoleo mawili matatu ya hilo jarida, usitume tu kwa sababu umeona tangazo, maana kuna wanaotaka tarbia (shairi la mistari minne kila ubeti) ya mizani 16, yaani silabi 16, kila mstari na vina vikae sawa kati na mwisho, na kuna wengine ukiwapa hiyo hawatasoma hata ubeti wa pili, wao ni mashairi huru tu, yasiyobanwa na vina wala mizani. Mashairi ya arudhi, yaani hayo ya vina na mizani, magazeti kama Taifa Leo yamekuwa yakiyatoa miaka na miaka, so usidhani lazima uanzie jarida kubwa la mtandaoni.

Ukishachagua, angalia masharti yao. Mashairi mangapi, maneno mangapi, faili gani. Mengi yanataka kazi ambayo haijatoka popote, na hapo ndo wengi wanakwama, coz shairi ulilolipost Facebook baadhi yao wanalihesabu limeshachapishwa. Kama umelituma sehemu mbili kwa mpigo sema mapema, wakilikubali huku unawajulisha kule.

Imeili iwe fupi, mistari minne hivi, usielezee shairi linamaanisha nini jamani.

Na kama unaandika kilugha usijifiche, jarida la Jalada la Nairobi mwaka 2016 walitoa hadithi moja ya Kikuyu ikiwa imetafsiriwa kwa lugha zaidi ya 30.

Haki zako za kuchapisha hiyo kazi je? Uliza zinarudi kwako lini, kabla hujakubali.