Kujiandaa kwa Mbio za Magari ya Saluni Brands Hatch

Dereva wa ridhaa anayeshindana kwa gari la saluni (gari dogo la abiria lenye paa) katika uwanja wa Brands Hatch, Uingereza, atumie mizunguko ya kwanza ya mazoezi kupasha matairi moto, kisha arudi kwa mafundi wapime upepo kabla hayajapoa, kwa kuwa kipimo cha tairi baridi pekee hakitoshi. Kona ya kwanza, Paddock Hill, ndiyo inayostahili subira kuliko zote: inapinda kulia huku barabara ikiporomoka ghafla, na dereva haoni inakoishia; basi afunge breki gari likiwa limenyooka, na aachie pedeli taratibu anapokata usukani. Mvua ikinyesha, aepuke mstari uliozoeleka, yaani njia ambayo magari hupita kila mara, kwani lami iliyogandamana na mpira huteleza mno. Gari likigongwa Jumamosi na bado kuna mbio Jumapili, tairodi (vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu) na alaimenti (mpangilio wa pembe za magurudumu) zikaguliwe kwanza, bodi isubiri.