Kumtafuta marehemu wa ukoo kwenye rejista ya mazishi

Wengi wakianza kutafuta kaburi la mtu wa ukoo hukimbilia jiwe. Jiwe huweza kuwekwa miaka mingi baada ya mazishi, likachongwa tarehe ambayo wajukuu walikisia tu, na makaburi chungu nzima hayakuwahi kupata jiwe. Rejista ya mazishi kwa kawaida huandikwa siku zilezile za maziko na mtu ambaye kazi yake ni kujua kila shimo limechimbwa wapi. Anza na daftari, jiwe lifuate.

Tatizo ni kwamba rejista nyingi za zamani zimepangwa kwa tarehe ya mazishi, wala si kwa majina. Kwa hiyo tafuta kwanza tarehe ya kifo: kwenye cheti cha kifo, tangazo la gazeti, wosia, au kurasa za mwanzo za kitabu kitakatifu cha familia. Ikikosekana kabisa, weka mipaka miwili. Wa kwanza ni hati ya mwisho inayomwonyesha yu hai. Wa pili ni hati ya kwanza inayomtaja kuwa marehemu, au inayomwita mwenzi wake mjane. Ukibaki na pengo la miaka minne, kupitia daftari ukurasa kwa ukurasa ni kazi ya mchana mmoja. Pengo la miaka thelathini litakukatisha tamaa.

Kisha jua daftari liko kwa nani. Makaburi ya kanisa au msikiti huwa na rejista katika ofisi ya hapo, ingawa majuzuu ya zamani mara nyingi yamehamishiwa kwenye hifadhi ya nyaraka. Makaburi ya umma, uliza halmashauri ya mji. Makaburi yaliyofungwa ndiyo yenye usumbufu: uliza ni nani aliyerithi ardhi, kwa kuwa nyaraka mara nyingi hufuata ardhi. Usisahau kampuni za mazishi, maana jalada lao huweza kuwa na jina la aliyelipa gharama.

Mtandaoni, FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za ukoo, ni bure ukishafungua akaunti, lakini si kila picha ya daftari imeingizwa kwenye faharasa ya majina. Jina lisipotokea, fungua katalogi, chagua mahali, usome picha zenyewe. Find a Grave, tovuti ya makaburi iliyoanza mwaka 1995, hujazwa na watu wa kujitolea. Ukurasa usio na picha ya jiwe uuchukulie kama fununu. BillionGraves huambatanisha picha na mahali halisi kwa GPS, jambo linalookoa muda ukifika makaburini. Kwa askari wa majeshi ya Uingereza na makoloni yake waliokufa kati ya 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921, au kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947, tafuta kwenye tovuti ya Commonwealth War Graves Commission. Ukikuta jina limeandikwa kwenye mnara wa kumbukumbu badala ya namba ya kaburi, kwa kawaida maana yake ni kwamba kaburi lake halijulikani.

Unapotafuta, jaza visanduku vichache. Jina la ukoo na kipindi cha miaka vinatosha kwa kuanzia. Ukijaza kila kitu, kosa moja la tahajia linakufungia mlango. Badilisha tahajia (Mohamed, Muhammad, Mohammed), tumia alama ya * mahali pa herufi kadhaa na ? mahali pa herufi moja, kama tovuti inaziruhusu. Rejista za zamani za Kiingereza zina vifupisho: Wm. ni William, Jas. ni James, Jno. ni John. Mtoto mchanga huenda ameandikwa kwa jina la baba tu, na mwanamke kwa jina la mume wa pili ambaye familia haikuwahi kumtaja.

Ukishapata mstari wako, usiridhike na jina. Chukua mfano huu: namba 4127, umri wiki 3, sehemu C, safu 9, kaburi 22, kina futi 7. Kina hicho kwa mtoto wa wiki tatu kinashangaza, na ndicho chenye habari. Kaburi huchimbwa refu namna hiyo pale wengine wanapotarajiwa kuzikwa juu yake, kwa hiyo huyu ama ni wa kwanza katika kaburi la familia, ama amewekwa katika kaburi la pamoja la watu wasiohusiana. Kitakachoamua ni kadi ya kaburi, inayoonyesha aliyenunua eneo na wote waliozikwa humo. Hapo ndipo hujitokeza shangazi aliyeolewa na watoto waliofariki kabla ya sensa iliyofuata.

Ukiandika kuomba taarifa, taja jina na tahajia zake, kipindi cha miaka, na namba ya kaburi kama unayo. Omba vitu vitatu kwa majina yake: nakala ya mstari wa rejista, orodha ya wote waliomo kaburini, na jina la mnunuzi. Ukiomba tu “habari za babu yangu” utajibiwa tarehe moja, basi.

Angalia pia hesabu ya umri. “Katika mwaka wa 63 wa umri wake” maana yake alikuwa na miaka 62. Aliyekufa 3 Machi 1898 akiwa na miaka 62, miezi 4 na siku 11, toa miaka, kisha miezi, kisha siku: unafika 23 Oktoba 1835. Ruhusu tofauti ya siku moja au mbili, kwa sababu miezi hailingani. Na tarehe ya rejista za parokia kwa kawaida ni ya maziko, si ya kifo.

Ukifika kwenye jiwe lililofifia, piga picha jua likiwa chini, asubuhi au jioni, au elekeza mwanga kutoka ubavuni kwa kioo, ili herufi zitoe vivuli. Maji safi na brashi laini vinatosha, tena kwa jiwe lisilomeguka. Dawa ya kung’arisha nguo, brashi ya waya, chaki na povu la kunyolea huharibu jiwe, hata kama picha ya siku hiyo itapendeza. Piga pia picha za mawe ya pande zote mbili na ya nyuma yake, maana ndugu mara nyingi walinunua viwanja vinavyopakana.

Jiwe likiwepo na rejista ikakosa mstari, uliza kuhusu kuhamishwa kwa mabaki. Mazishi ya awali yatakuwa kwenye daftari la makaburi mengine, na kibali cha kufukua huweza kutaja sehemu zote mbili.