Gari likiseleleka kwenye lami yenye maji

Kila tairi hugusa lami kwa eneo linalokaribia ukubwa wa kiganja. Mshiko wa hapo ni mmoja tu, na ndio huohuo wa kufunga breki, kuongeza mwendo na kukata kona. Ukiumalizia kwenye breki, wa kukatia kona haubaki. Gari huseleleka dereva anapodai mshiko kuliko uliopo, kwa hiyo tiba yake ni kupunguza madai, hata kama mguu unataka breki.

Kwenye kona yenye nusukipenyo cha mita 50, lami kavu hulihimili gari hadi karibu kilomita 65 kwa saa. Ikilowa, kikomo hushuka hadi karibu 50. Ukifunga breki ukiwa na mwendo wa 80, unahitaji kama mita 36 pakavu na zaidi ya 60 penye maji, kabla hata ya kuhesabu muda wa kushtuka. Ogopa zaidi manyunyu ya kwanza baada ya kiangazi: vumbi, oili na mabaki ya mpira yanachanganyika na maji machache yasiyotosha kuyasafisha.

Ukikata usukani na gari likaendelea kwenda moja kwa moja, zilizoteleza ni tairi za mbele. Achia mafuta taratibu, kisha rudisha usukani kidogo. Wengi huzidi kuukata, na hapo tairi zinasukumwa kiubavu tu bila kushika.

Mkia ukichomoka ndipo penye kazi. Toa mguu kwenye mafuta bila kuukurupua, maana ukiachia ghafla uzito hukimbilia mbele na nyuma panazidi kuwa pepesi. Gari la gia za mkono, kanyaga klachi. Breki usiiguse. Tazama unakotaka kwenda, wala si mtaroni, na zungusha usukani kuelekea upande ule mkia unakokwenda: mkia ukienda kulia, kata kulia. Mkia ukianza tu kurudi, nyoosha usukani upesi. Ukichelewa, utarushwa upande wa pili kwa nguvu kuliko mwanzo, na magari mengi hupinduka katika mrusho huo wa pili.

Likishageuka ubavu kabisa, usukani hausaidii tena: kanyaga klachi na breki hadi mwisho.

Breki zikifunga tairi kwenye gari lisilo na ABS (mfumo unaozuia tairi zisijifunge unapokanyaga breki), achia kidogo mpaka tairi zizunguke, kisha kanyaga tena. Lenye ABS, kandamiza bila kuachia huku ukiongoza usukani. Pedali kutetemeka ni kawaida yake.

Ukinunua tairi mbili mpya, zifunge nyuma, hata kama gari linavutwa na tairi za mbele. Vipara vikikaa nyuma, mkia ndio utakaotangulia kuteleza, na huo ni mgumu zaidi kuurudisha. Upepo ujaze kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, tairi zikiwa za baridi.