Sayur asem: mchuzi wa mboga wa ukwaju na pilipili

Sayur asem ni mchuzi mwepesi unaopikwa magharibi mwa kisiwa cha Java nchini Indonesia, hasa na Wasunda na Wabetawi wa Jakarta, na jina lake lina maana ya mboga chachu. Uchachu huo hutoka kwenye ukwaju, ambao Waindonesia huuita asam jawa, yaani uchachu wa Java, ijapokuwa asili ya mkwaju ni Afrika. Vipimo vilivyomo hapa vinatosha watu watano.

Hatua ya 1. Chemsha gramu 100 za karanga mbichi katika lita moja na nusu ya maji, pamoja na gramu 200 za fenesi changa lililokatwa vipande vidogo. Kabla ya kulikata, paka mafuta ya kupikia kwenye kisu na viganja vyote viwili, kwa kuwa utomvu wake ukishika mkono mkavu hautoki kwa sabuni. Acha vichemke kwa nusu saa.

Hatua ya 2. Wakati huo loweka gramu 40 za ukwaju katika kikombe kidogo cha maji ya moto. Ukipoa, uvuruge kwa vidole mpaka kokwa ziteleze na nyuzi zibaki tupu, kisha chuja.

Hatua ya 3. Twanga vitunguu vidogo vyekundu sita, punje tatu za kitunguu saumu, pilipili nyekundu nne, korosho nne na kijiko kimoja cha uduvi mkavu uliokaangwa bila mafuta. Wenyewe hutumia terasi, ambayo ni uduvi uliochachushwa na kusagwa, na kemiri, kokwa yenye mafuta mengi, badala ya korosho. Viungo hivi usivikaange. Vitie moja kwa moja kwenye maji yanayochemka, kwa sababu mafuta huuondolea mchuzi huu wepesi wake.

Hatua ya 4. Ongeza mahindi mabichi mawili yaliyokatwa vipande, na baada ya dakika kumi utie mumunye changa moja, ambalo hapa linashika nafasi ya labu siam ya kule, tunda la kijani la jamii ya maboga.

Hatua ya 5. Hapa ndipo wengi wanapokosea, nami nilikosea vilevile: mara ya kwanza nilitia ukwaju mwanzoni kabisa, na baada ya saa nzima karanga zilikuwa bado zinalia menoni. Asidi huzuia mboga kulainika, kwa hiyo bonyeza karanga moja kati ya vidole viwili, na usimimine maji ya ukwaju mpaka ipondeke bila kushindana nawe. Yamimine kidogo kidogo huku ukionja, kwani ukwaju haulingani ukali, kisha tia chumvi na vijiko viwili vya sukari guru iliyokunwa. Utamu usitangulie, uje nyuma ya uchachu.

Hatua ya 6. Mwishoni tia kunde changa zenye maganda, zilizokatwa urefu wa kidole, na uziache dakika tano tu. Ukwaju utafifisha kijani chake, jambo ambalo halina dawa wala si kosa la mpishi.

Pakua katika bakuli kando ya wali mweupe, pamoja na ng'onda wa kukaanga na pilipili ya kutwanga kwa anayetaka ukali zaidi.