Tembo wa Tabora kwenye mnada wa mtandaoni: mambo ya kufanya kabla hujaweka dau

Hapa dukani kwetu hawakosekani watu wanaokuja na simu mkononi: "Dada, hebu niangalizie hii." Kwenye kioo kuna sarafu ya manjano, tembo ameinua mkonga, milima nyuma yake, na mwaka 1916 pamoja na herufi T. Mnada unafungwa usiku huohuo na mwenye simu ana haraka. Mimi ni sonara, mtoto wa sonara, Tabora mjini, si mbali na stesheni. Tembo huyu namjua kwa sababu amezaliwa hapa, na namjua feki wake kwa sababu nilimnunua mwenyewe.

Kwanza ujue unachotafuta. Wakati wa Vita vya Kwanza Waingereza waliifunga bahari, sarafu za kutoka Berlin na Hamburg zikawa hazifiki tena Afrika Mashariki ya Kijerumani. Wajerumani wakaamua kupiga zao kwenye karakana ya reli ya Tabora. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, kule Iramba. Mwaka 1916 zikapigwa sarafu za rupia 15, elfu kumi na sita na ushee tu, na Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia mjini. Karakana hiyohiyo ilipiga pia heller 5 na heller 20 za shaba, hizo kwa wingi. Ndiyo heller iliyotupatia neno hela. Heller 20 ya Tabora ni kitu halisi cha kale na bei yake si kubwa. Tembo wa dhahabu anauzwa kwa maelfu ya dola, na waghushi wanaitazama tofauti hiyo ya bei.

Sasa la kwangu. Mwaka 2019 niliona tembo kwenye mnada mmoja wa mtandaoni, muuzaji yuko Ulaya. Picha mbili tu, sarafu imelazwa juu ya kitambaa cha kijani. Maelezo yalisema babu mkubwa wa muuzaji alikuwa askari huku kwetu na alirudi nayo mfukoni. Hayo maneno ndiyo yaliyonimaliza. Marehemu baba alitamani maisha yake yote kushika sarafu ile, na mimi nikajiona namrudishia mji wake kitu chake. Nikampigia mpwa wangu aliyeko Hamburg, akaweka dau kwa niaba yangu, tukashinda kwa euro 700. Kifurushi kikamfikia, akakiweka kabatini bila kukifungua, akaja nacho likizo ya Desemba. Nikaiweka kwenye mzani: gramu 6.31. Nikaitazama ukingoni kwa lenzi, nikaona mstari mwembamba unaoizunguka kama mshono wa mfuko, na chini ya miguu ya tembo umepigwa tupa. Ilikuwa shaba ya manjano iliyochovywa dhahabu. Siku za kurudisha zilikuwa zimeshapita wiki tano.

Kwa hiyo nayaandika haya kwa mpangilio ambao ningetamani niwe nao mwaka ule.

Kabla ya dau: picha na maswali

Ipitishe picha ya tangazo kwenye utafutaji wa picha wa simu yako. Picha ikitokea kwenye tangazo la zamani la mtu mwingine, au kwenye orodha ya nyumba ya mnada iliyokwisha kuiuza, huenda muuzaji wako hana sarafu hiyo mkononi, kaiba picha.

Halafu linganisha makovu. Hapa nakuomba utulie, maana hii haihitaji mzani wala fedha. Nyumba kubwa za mnada za Ujerumani huacha mtandaoni picha za sarafu zilizouzwa, na kuziangalia ni bure. Fungua tembo kumi, wakuze mmoja mmoja. Kila sarafu iliyopita mikononi mwa watu ina makovu yake: mkwaruzo shingoni, kibonyeo karibu na herufi, ukingo uliogongwa. Makovu hayo ni kama alama za vidole, hazifanani mbili. Feki za kumimina hutengenezwa kwa kuchukua sarafu moja, kuitolea kalibu, kisha kumimina nyingi. Kalibu inabeba kila kitu, mpaka kibonyeo. Ukikuta sarafu mbili tofauti, wauzaji wawili tofauti, zote zina kibonyeo kilekile mahali palepale, basi zimetoka kwenye kalibu moja. Nilipokuja kutafuta baadaye niliikuta "yangu" mara tatu, kila mara na doa lilelile dogo kwenye bawa la tai upande wa pili. Doa hilo lilikuwepo kwenye picha niliyoiona kabla ya kununua. Sikulitafuta tu.

Usidanganyike na usafi. Tembo halisi alipigwa vitani, kwa mitambo ya karakana ya reli, na mara nyingi pigo halikukaa sawa pande zote. Kasoro ya namna hiyo isikutishe. Cha kukutisha ni herufi zenye mgongo wa mviringo kama sabuni iliyotumika, na vitundu vidogovidogo kwenye uwanja wa sarafu, pale ambapo hakuna mchoro. Vitundu hivyo ni hewa iliyonasa wakati wa kumimina. Sarafu iliyopigwa kwa nyundo au mtambo haina sababu ya kuwa navyo.

Kisha mwandikie muuzaji, kwa adabu, umwombe picha tatu: sarafu ikiwa juu ya mzani na namba zinasomeka, ukingo wake, na sarafu ikiwa pembeni ya karatasi yenye tarehe ya leo. Mwenye mali ya maelfu ya dola hawezi kukosa dakika tano za kumpigia mteja picha. Akikujibu kwa hadithi ya babu badala ya picha, achana naye. Akikuambia mtoke kwenye mnada mmalizane kwa WhatsApp kwa bei nafuu, achana naye haraka zaidi, kwa sababu nje ya mnada hakuna wa kumlalamikia. Na malipo ya PayPal ya kutumiana kama ndugu au marafiki, badala ya mteja na muuzaji, hayana ulinzi wa mnunuzi.

Soma maelezo neno kwa neno. "Kwa mtindo wa", "sielewi mambo ya sarafu", "inauzwa kama ilivyo", "hairudishwi": maneno hayo ameyaweka ili kesho usiwe na pa kumshika. Marekani ina sheria ya tangu 1973 inayodai sarafu za kuiga zigongwe neno COPY. Waghushi wanalisugua neno hilo kwa tupa, kwa hiyo ukiona sehemu moja ya uwanja imebonyea na kung'aa kuliko nyingine, jiulize kilichokuwa pale.

Kama sarafu imo ndani ya kibweta cha plastiki cha kampuni za kupima sarafu, kama NGC au PCGS, usiishie kufurahia kibweta. Nacho kinaghushiwa. Chukua namba ya cheti, iingize kwenye tovuti ya kampuni, na picha ikiwepo kule ilinganishe na iliyo kwenye tangazo, makovu kwa makovu.

Ikishafika: mzani, uzi na kikombe cha maji

Kama unapokelewa na ndugu yako wa ughaibuni, kama mimi na mpwa wangu, aifungue siku ileile inapofika, tena akijirekodi kwa simu. Asiitunze mpaka likizo. Siku za kurudisha zinahesabiwa kuanzia ilipofika mlangoni kwake, hazisubiri ndege ya kuja Dar.

Anunue mzani mdogo wa sonara unaosoma mpaka 0.01 ya gramu. Tembo halisi ana gramu 7.17 hivi na kipenyo cha milimita 22 na ushee. Ikipungua robo gramu, atafute sababu: nyingine zilichomelewa pete zikawa vidani, na kidonda cha pete huonekana ukingoni.

Kisha maji. Aweke kikombe kidogo chenye maji juu ya mzani, aurudishe mzani kwenye sifuri. Aifunge sarafu kwa uzi mwembamba wa kushonea, aizamishe yote, isiguse chini wala ubavuni, aitikise kidogo viputo vitoke. Namba itakayosomeka ni uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu. Dhahabu ya tembo ni ya 750, yaani karati 18, na kwa uzito wake namba inapaswa kuangukia kati ya 0.45 na 0.49. Shaba ya manjano ni nyepesi karibu mara mbili kwa ujazo uleule, hivyo feki yenye uzito sahihi itasoma zaidi ya 0.80. Ya kwangu ilisoma 0.74 na ilikuwa nene kama kitufe cha koti. Jaribio hili haliiachi sarafu na jeraha lolote. Tindikali na jiwe la sonara niachie mimi kwa pete na bangili; sarafu ya kale ukiisugua kwenye jiwe, hata kama ni halisi, umeishusha bei mwenyewe.

Ikifaulu maji bado usilale. Ndani ya tembo mmoja kuna dhahabu safi gramu 5.4 hivi, na bei yake mnadani ni zaidi sana ya hiyo dhahabu. Mghushi akitumia dhahabu ya kweli bado anapata faida. Ndiyo maana makovu na picha vinakuja kwanza, mzani baadaye.

Mmoja wenu ataniuliza kuhusu reale ya Maria Theresa, ile kubwa ya fedha yenye mama mnene na mwaka 1780. Hiyo ni habari nyingine. Baada ya mama huyo kufariki 1780 waliendelea kuzipiga kwa mwaka uleule, Vienna na miji mingine, na Vienna wanazipiga mpaka leo. Masonara wa Pwani na Oman waliziyeyusha kutengeneza vikuku. Kwa hiyo inaweza kuwa reale ya kweli kabisa, ya fedha, yenye uzito wa gramu 28, na umri wake ukawa mdogo kuliko wako. Anayeiuza kwa bei ya kitu cha karne ya 18 kwa sababu ya mwaka ulioandikwa, mwambie hapana.

Na sarafu ndogo za shaba za masultani wa Kilwa, hizo ukizikuta mnadani kuna swali la ziada. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na haviruhusiwi kutoka nchini bila leseni. Omba kuiona karatasi. Ikiwa ni feki umeibiwa wewe. Ikiwa ni halisi na haina karatasi, huenda imechimbwa usiku kwenye magofu, na walioibiwa ni watu wa Kilwa.

Mwezi uliopita alikuja kijana mmoja wa Gongoni, fundi pikipiki, ameshakopa milioni mbili ili aongezee kwenye akiba yake. Tuliketi naye nyuma ya duka, tukaandika ujumbe wa kuomba picha ya ukingo na ya mzani, tukasubiri tukinywa chai. Muuzaji aliusoma, hakujibu. Usiku tangazo likaondolewa. Siku nne baadaye kijana akanitumia kiungo: jina jipya la muuzaji, nchi nyingine, kitambaa sasa chekundu. Nikalikuza bawa la tai. Doa lilikuwa palepale. Mkopo aliurudisha Jumatatu yake.