LibreOffice ikianza vituko, shuku mipangilio kwanza

Vitufe vimepotea kwenye LibreOffice, ile programu ya bure ya kuandikia nyaraka na majedwali, au inajifunga yenyewe kila ukifungua faili? Usikimbilie kuisakinisha upya. Mimi sihangaiki na hilo, maana mipangilio iliyoharibika kwa kawaida hubaki palepale. Funga programu kabisa. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %APPDATA%\LibreOffice\4, kisha bonyeza Enter. Humo mna folda iitwayo user. Ipe jina user-zamani. Usiifute ng'o, kamusi na violezo vyako vimo humo. Fungua programu, itajitengenezea folda mpya. Ikitulia, mchawi umempata: kutoka user-zamani rudisha folda za wordbook (kamusi) na template (violezo) tu, ila registrymodifications.xcu, faili ya mipangilio, iache hukohuko. Isipotulia, futa folda mpya, rudisha jina la zamani, kisha kaichunguze faili yenyewe.